Barua ya wazi kwa kamati ya mtaala wa maadili: msiwafundishe watoto kwamba asiye na dini hana utu

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Kamati ya Mtaala wa Elimu ya Maadili,

Waheshimiwa,

YAH: SURA YA KWANZA YA KITABU CHA MAADILI

Salaam kwenu nyote, na poleni na kazi.

Nawaandikia hadharani kwa sababu njia ya ndani imegonga ukuta. Malalamiko yangu niliyapitisha kwa mkuu wa shule, yakaenda kwa mkaguzi, kisha yakafika kwenu. Nilijibiwa kwamba barua imepokelewa na inafanyiwa kazi. Baadaye likatoka toleo jipya la kitabu, na sura niliyoilalamikia ikawa imebaki neno kwa neno, ila picha zimebadilishwa. Nilipofuatilia, ofisa mmoja aliniambia kwamba hili ni suala la imani na halijadiliwi. Waheshimiwa, linajadiliwa. Waumini wakubwa wamelijadili kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na wengi wao walifikia majibu ambayo kitabu chenu kingewapa alama ya kosa.

Kwa wasomaji ambao hawajakiona kitabu: sura ya kwanza inamfundisha mtoto kwamba chanzo cha maadili ni dini peke yake, kwamba mtu asiye na dini hana namna ya kutofautisha jema na baya, na kwamba maumbile ya binadamu yakiachwa yenyewe ni ya kinyama tu. Mwisho wa sura kuna zoezi la kweli au si kweli. Mwanafunzi anaulizwa kama mtu asiyemwamini Mungu anaweza kuwa na maadili. Mwongozo wa mwalimu unaagiza kwamba anayejibu ndiyo asipewe alama.

Niseme mapema nilipo, ili asitokee mtu wa kunibandika jina. Mimi ni mtu wa dini. Nasali, nafunga, na watoto wangu nimewalea katika imani. Sitataja dini yangu, kwa kuwa hoja zangu hazitegemei hilo. Nafundisha somo hili na nalipenda. Kinachonisukuma ni kwamba nimechoka kuingia darasani na kuwafundisha watoto jambo ambalo naamini si la kweli, na ambalo linawadhuru.

Haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Kitabu kinazisemea dini jambo ambalo dini zenyewe zimelikataa au zimeligombania.

Mwandishi wa sura ile anaandika kana kwamba kila muumini mwenye elimu yuko upande wake. Tuanze basi na maandiko yanayosomwa katika nyumba za ibada. Katika Warumi 2:14-15 Mtume Paulo anawazungumzia watu wa mataifa, wasio na torati, ambao hata hivyo hutenda yaliyomo katika torati, kwa sababu kazi yake imeandikwa mioyoni mwao na dhamiri zao zinawashuhudia. Qur'ani, Sura ya 91, aya ya 7 na ya 8, inaapa kwa nafsi na kwa aliyeitengeneza, akaifahamisha uovu wake na wema wake. Inaitaja nafsi, bila kusema ni nafsi ya nani wala ya kabila gani. Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim inasema kila mtoto huzaliwa katika fitra, yaani maumbile ya asili aliyopewa na Mungu, kisha wazazi wake ndio humwelekeza katika dini hii au ile. Mtoto anayetajwa hapo si kiumbe mtupu anayesubiri kuandikwa.

Kuna pia kisa ambacho nadhani kingetosha peke yake. Katika Mwanzo 18, Ibrahimu anasimama mbele za Mungu kuutetea mji wa Sodoma, na anathubutu kuuliza: je, Mhukumu wa dunia yote hatatenda haki? Swali kama hilo hawezi kuliuliza mtu ambaye hajui haki ni nini mpaka aamriwe. Na Ibrahimu hakemewi kwa kuuliza. Anasikilizwa, na idadi inashuka kutoka wenye haki hamsini hadi kumi. Kila ninaposoma sehemu hiyo nashangaa jinsi imani yenyewe ilivyompa mwanadamu nafasi ya kusimama na kipimo chake cha haki mkononi, mbele ya Mungu wake. Kitabu chenu kimemnyang'anya mtoto nafasi hiyo.

Wanazuoni nao walilivalia njuga suala hili. Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkatoliki wa karne ya 13, alifundisha kwamba kanuni za msingi za wema hufahamika kwa akili ya kawaida ya binadamu, hata kwa asiyefikiwa na ufunuo. Ndiyo mafundisho ya sheria ya maumbile ambayo Kanisa Katoliki linayashikilia hadi leo. Katika Uislamu, wanazuoni wa Mu'tazila wa Basra na Baghdad, kundi lililoipa akili uzito mkubwa, walisema akili inaweza kujua kwamba dhuluma ni mbaya kabla ya kuja kwa wahyi, yaani ufunuo. Abul-Hasan al-Ash'ari, aliyekuwa mwanafunzi wao kabla ya kuachana nao, alisema kinyume: jema ni lile aliloliamuru Mungu. Al-Maturidi wa Samarkand, aliyefariki mwaka 944, alishika njia ya kati na kukubali kwamba akili hutambua wema na ubaya wa mambo mengi. Nakiri wazi, basi, kwamba msimamo wa kitabu chenu una wakubwa wanaousogelea. Lakini al-Ash'ari alijua kwamba yuko katika mjadala na watu wenye hoja. Mtoto anayesoma kitabu chenu hajui kwamba mjadala uliwahi kuwapo.

Na swali lenyewe ni la kale kuliko wote hao. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ameandika mazungumzo ambamo mwalimu wake Socrates anamuuliza Euthyphro, mtu aliyejiona bingwa wa mambo ya dini: kitendo ni kitakatifu kwa sababu miungu inakipenda, au miungu inakipenda kwa sababu ni kitakatifu? Ukichukua jibu la kwanza, basi hata ukatili ungekuwa mwema kama ungeamriwa. Ukichukua la pili, basi wema una msingi wake, na amri inatujulisha tu ulipo. Kuna majibu ya kidini ya kina kwa swali hilo. Mojawapo linasema Mungu mwenyewe ndiye wema, kwa hiyo amri zake haziwezi kuwa za ovyo. Hilo ni jibu zuri la kumpa mtoto alitafakari. Kitabu hakimpi hilo wala swali lenyewe.

2. Kitabu kinaficha yale yaliyokwisha kujulikana kuhusu maumbile ya binadamu.

Nimesoma sura ile mara nyingi nikitafuta angalau aya moja inayosema watafiti wameona nini kwa watoto, kwa wanyama na kwa jamii mbalimbali. Haipo.

Mwaka 2006 wanasaikolojia Felix Warneken na Michael Tomasello walichapisha majaribio waliyofanya na watoto wa miezi 18. Mtu mzima asiyewajua anaangusha kitu na kushindwa kukifikia, au anakwama mbele ya kabati akiwa amebeba mzigo mikono yote miwili. Wengi wa watoto wale, ambao hata maneno hayajawakaa vizuri mdomoni, walinyanyuka kumsaidia. Hawakuahidiwa zawadi wala hawakusifiwa. Mtoto wa umri huo hajui amri kumi. Hajui pepo wala moto. Anaona mwenzake amekwama, basi.

Mwaka 2003 Sarah Brosnan na Frans de Waal walionyesha kwamba nyani wadogo aina ya kapuchini, waliokuwa wakipokea kipande cha tango kwa furaha kama malipo ya kazi ndogo, walianza kukikataa walipoona mwenzao anapewa zabibu kwa kazi ileile. Wapo wanaobishana kama hiyo ni hisia ya haki au ni hasira ya kukosa kilicho bora. Vyovyote iwavyo, mizizi ya jambo hili inaonekana kushuka chini kuliko historia yetu.

Mwaka 2019 Oliver Scott Curry na wenzake walipitia maandishi ya wanaanthropolojia kuhusu jamii 60 kutoka pande zote za dunia, zenye imani tofauti kabisa. Walitafuta mambo saba: kuwasaidia ndugu, kulisaidia kundi lako, kulipa fadhila, kuwa shujaa, kuwatii wakubwa, kugawana kwa haki na kuheshimu mali ya mwenzio. Karibu kila mahali yalipotajwa, yalihesabiwa kuwa mema. Hawakupata jamii ambamo kwa ujumla kuwasaliti ndugu ni sifa.

Sitaki kuwapotosha kwa kuchukua yanayonifaa tu. Kuna utafiti maarufu wa mwaka 2007 uliosema watoto wachanga wa miezi 6 na 10 humpendelea kikaragosi anayesaidia kuliko anayezuia. Umenukuliwa kila mahali. Baadaye maabara nyingi za nchi mbalimbali ziliungana kurudia jaribio hilo kwa mamia ya watoto, na hazikuona upendeleo huo. Hivyo ndivyo elimu inavyokwenda, na ndivyo ningependa mwanafunzi wangu aione: dai linatolewa, linapimwa, linapungua au linathibitika.

Tena maumbile hayo hayana wema mtupu. Mengzi, mwanafalsafa wa China ya karne ya 4 kabla ya Kristo, alisema mtu yeyote akimwona mtoto anakaribia kutumbukia kisimani atashtuka na kumhurumia, bila kufikiria sifa wala malipo, na kwamba hiyo ndiyo mbegu ya utu. Xunzi, aliyemfuata karne moja baadaye, alimpinga waziwazi: hulka ya mwanadamu ni mbaya, alisema, na wema ni kazi ya malezi na ibada. Naona wote wawili waliona kitu cha kweli. Matokeo ya jaribio la mwanasaikolojia Stanley Milgram, yaliyochapishwa mwaka 1963, yalionyesha watu wa kawaida 26 kati ya 40 wakiendelea kubonyeza swichi za umeme mpaka ya mwisho, volti 450, wakiamini wanamtesa mtu, kwa sababu tu msimamizi aliwaambia waendelee. Huruma tunazaliwa nayo, na uoga mbele ya wenye mamlaka tunazaliwa nao. Upendo kwa walio wetu uko ndani yetu, na dharau kwa wasio wetu iko ndani yetu vilevile. Hapo ndipo dini, malezi, sheria na mila vinapofanya kazi kubwa. Mfano wa Msamaria katika Luka 10, aliyemsaidia mgeni aliyepigwa na wanyang'anyi na kuachwa njiani, unachukua huruma ambayo kila mtu anayo kwa ndugu yake na kuisukuma ivuke mpaka wa kabila na wa ibada. Mfano huo ungekuwa hauna maana kama msikilizaji hana huruma yoyote tangu mwanzo. Na tazameni nani amechaguliwa kuwa mwema katika kisa hicho: mtu ambaye wasikilizaji walihesabu dini yake kuwa ya upotofu, baada ya kuhani na Mlawi, watumishi wa hekalu, kumpita majeruhi bila kumsaidia.

3. Kitabu kinawahukumu watu halisi, na baadhi yao wamekaa kwenye madawati yetu.

Msichana mmoja darasani kwangu alinyoosha mkono tulipofika kwenye zoezi lile. Nyumbani kwao hawana dini. Aliuliza, kwa adabu kabisa: "Mwalimu, kwa hiyo bibi yangu aliyenilea hana maadili?" Darasa likamgeukia yeye. Nilimjibu kwamba hapana, bibi yake ana maadili, na niliona wenzake wakitazama kitabu, wakinitazama mimi, wakijiuliza nani mwongo. Mwongozo wenu haukuniachia jibu la kumpa yule mtoto ambalo halimtukani bibi yake.

Chuki hii ina nguvu na imepimwa. Mwaka 2017 Will Gervais na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika nchi 13, ukihusisha watu zaidi ya 3,000. Walipoelezwa habari za muuaji katili, watu walikuwa wepesi zaidi kudhani kwamba hana imani kuliko kudhani kwamba ni muumini. Hata wasioamini wenyewe walielekea hivyo. Uchunguzi wa Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, wa mwaka 2019 katika nchi 34 uliuliza kama ni lazima kumwamini Mungu ndipo mtu awe na maadili mema. Kiwango cha katikati cha waliosema ndiyo kilikuwa asilimia 45. Indonesia na Ufilipino asilimia 96, Sweden asilimia 9. Kwa hiyo najua kwamba katika nchi nyingi wazazi wengi wako pamoja na kitabu. Lakini kazi ya shule ni kupima yale ambayo wengi wanayadhani.

Nayo yamepimwa. Wilhelm Hofmann na wenzake, mwaka 2014, waliwafuatilia watu wazima 1,252 wa Marekani na Kanada kwa simu zao, wakiwauliza mara kadhaa kwa siku kama wametenda, wametendewa au wameshuhudia jambo jema au baya. Waumini na wasioamini hawakutofautiana katika kiasi cha matendo mema wala mabaya waliyoripoti. Mnaweza kusema watu hujisifu wanapojieleza wenyewe. Sawa. Basi chukueni jaribio la John Darley na Daniel Batson la mwaka 1973, ambalo halikumwuliza mtu ajieleze. Wanafunzi wa uchungaji huko Princeton waliagizwa waende jengo la pili kutoa hotuba. Baadhi yao hotuba yao ilikuwa juu ya mfano uleule wa Msamaria. Njiani palikuwa na mtu ameinama mlangoni, anakohoa na kuugulia. Kati ya waliokuwa na nafasi, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Kati ya walioambiwa wamechelewa sana, asilimia 10. Wapo walioharakisha kwenda kumhubiri Msamaria wakampita mtu aliyehitaji Msamaria. Siandiki haya kuwadhihaki. Ningekuwa na haraka, huenda nami ningempita. Naandika kwa sababu elimu ya maadili inayofaa ingemfundisha mtoto kuiogopa haraka yake mwenyewe, na kitabu chenu kinamfundisha kumwogopa jirani asiyesali.

4. Kitabu kinamweka hatarini hata mtoto wa muumini.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na ndilo ambalo naona kamati haijalifikiria. Mnamfundisha mtoto kwamba sababu pekee ya kutoiba, kutodanganya na kutomdhulumu mnyonge ni dini. Mmetundika utu wake wote kwenye msumari mmoja. Watoto hukua. Wengine watapata shaka wakiwa vijana, kama walivyopata shaka watu wengi watakatifu. Wengine watakatishwa tamaa na kiongozi wa dini aliyewadhulumu. Siku imani inapoyumba, kijana aliyefundishwa kwa kitabu hiki atakumbuka alichoambiwa: bila dini hakuna jema wala baya. Atajiona ameruhusiwa kila kitu, na aliyempa ruhusa hiyo ni sisi.

Mimi nataka mwanangu asiibe kwa sababu Mungu amekataza, na kwa sababu aliyeibiwa anaumia, na kwa sababu yeye mwenyewe hangetaka kuibiwa. Sababu zote tatu. Sijaona dini yoyote inayonikataza kumpa zote tatu. Kanuni ya kumtendea mwenzio unavyotaka utendewe imo katika Mathayo 7:12, imo katika hadithi isemayo hawi muumini kamili mtu mpaka ampendelee ndugu yake anachojipendelea nafsi yake, ilisemwa na mwalimu wa Kiyahudi Hillel katika Talmud, mkusanyiko wa mafundisho ya Kiyahudi, na ilisemwa na Confucius, mwanafalsafa wa China aliyeishi karne tano kabla ya Kristo. Kanuni hiyo inamtaka mtu atazame ndani ya nafsi yake ajue la kumtendea mwingine. Inategemea kwamba humo ndani kuna kitu cha kutazama.

Najua baadhi ya majibu yatakayotolewa, kwa kuwa mengine nimeshayasikia.

Mtasema: tazama tawala zilizomkana Mungu. Ni kweli, na lazima zifundishwe. Wakomunisti wa Khmer Rouge waliotawala Kambodia kati ya 1975 na 1979 walipiga marufuku dini na kusababisha vifo vya watu zaidi ya milioni moja na nusu. Lakini fundisheni na kurasa nyingine za historia. Mwaka 1845 Wabaptisti wa kusini mwa Marekani walijitenga na wenzao wa kaskazini wakiutetea utumwa kwa Biblia mkononi. Mwaka 1995 jumuiya hiyohiyo iliomba radhi. Frederick Douglass, aliyekuwa mtumwa, aliandika mwaka huohuo wa 1845 kwamba mabwana waliokuwa watu wa dini ndio waliokuwa wabaya kuliko wote aliokutana nao. Na karne moja na nusu kabla yake, mwaka 1688, Waquaker wanne, Wakristo wa kundi dogo la Kiprotestanti, wa Germantown huko Pennsylvania waliandika tamko la kupinga utumwa, wakisimama juu ya kanuni ileile ya kumtendea mwenzio unavyotaka utendewe. Biblia ilikuwa moja. Walichotofautiana ni kama walimwona mtumwa kuwa mtu.

Mtasema: bila Mungu kila mmoja atajitungia maadili yake, na hapatakuwa na makubaliano. Hofu hii naiheshimu kuliko nyingine zote, kwa hiyo naomba mnivumilie niijibu kwa kirefu.

Mwaka 1948 wajumbe wa Umoja wa Mataifa walikuwa wakiandika Tamko la Haki za Binadamu. Ndani ya kamati ya kuandika rasimu walikuwamo Charles Malik wa Lebanon, Mkristo na mwanafalsafa. Peng-chun Chang wa China, aliyelelewa katika fikra za Confucius. René Cassin, Myahudi wa Ufaransa asiyeshika dini sana. Na Eleanor Roosevelt akiwa mwenyekiti. Suala letu hili liliwafikia hivihivi. Rasimu ya kifungu cha kwanza ilikuwa imesema binadamu wamejaliwa akili na dhamiri "kwa maumbile". Ujumbe wa Brazil ukapendekeza iandikwe kwamba binadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Chang akapinga, akikumbusha kwamba sehemu kubwa ya wanadamu ina mila na imani zake na haipaswi kulazimishwa kukubali maneno hayo. Mwishowe Brazil ikaondoa pendekezo lake, na maneno ya maumbile nayo yakaondolewa. Kila upande ulisalimisha neno lake. Kifungu kilichobaki kinasomeka hivi kwa Kiswahili: "Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa. Wote wamejaliwa akili na dhamiri, hivyo yapasa watendeane kindugu." Nani aliyewajalia, hakikusema. Tarehe 10 Desemba 1948 tamko lilipita kwa kura 48, bila kura ya kupinga, nchi 8 zikijizuia kupiga kura.

Kwa hiyo makubaliano yanawezekana, na yaliwahi kupatikana mezani pa watu waliotofautiana juu ya chanzo. Muumini akisoma kifungu hicho anajua ni nani mjalia. Asiyeamini anasoma na kuona hali ya binadamu ilivyo. Wote wanabanwa na sentensi ileile. Kama watu wale, dunia ikiwa ndiyo kwanza imetoka katika vita vilivyoua mamilioni, waliweza kuandika hivyo, nasi tunaweza kuandika sura moja ya kitabu cha shule.

Mtasema watoto ni wadogo mno kwa utata huu. Watoto ndio wanaouliza maswali haya. Yule msichana hakutumwa na mtu.

Wengine watasema nataka kuingiza ukanaji wa Mungu shuleni. Someni ombi langu hapa chini, mnionyeshe mstari unaosema hivyo.

Ninaomba mambo yafuatayo:

(a) Zoezi la kweli au si kweli lililo mwisho wa sura ya kwanza liondolewe mara moja, kwa waraka, bila kungoja toleo jipya. Mwanafunzi asikoseshwe alama kwa kukataa kumhukumu mtu mwingine.

(b) Sura yenyewe iandikwe upya na ieleze maoni makuu kwa uaminifu: wanaosema wema unatokana na amri ya Mungu, wanaosema Mungu aliuandika katika maumbile, wanaosema unatokana na maumbile na maisha ya pamoja. Kila upande uelezwe kwa namna ambayo wenyewe wangeikubali. Dini zipewe nafasi yake kubwa, kwa maneno ya maandiko yake na ya wanazuoni wake.

(c) Yaongezwe matokeo ya utafiti kuhusu watoto, jamii na utiifu kwa mamlaka, pamoja na mapungufu yake, ili mwanafunzi ajifunze kupima madai.

(d) Katika jopo la kuandika sura hiyo wawemo wanazuoni wa dini zaidi ya moja, walimu wanaofundisha somo hili darasani, na angalau mzazi mmoja asiye na dini.

(e) Nijibiwe kwa maandishi, jibu litakaloeleza mmekubali nini, mmekataa nini, na kwa sababu gani. Nitalichapisha kama lilivyo, hata likinipinga kwa kila neno.

Wakati nikisubiri jibu lenu nitaendelea kulifundisha somo hili. Sura ya kwanza nitaifundisha pamoja na maandiko na tafiti nilizozitaja hapa, na zoezi lile sitalisahihisha kwa mwongozo wenu. Nimemjulisha mkuu wangu wa shule kwa maandishi, na hatua yoyote ya nidhamu itakayochukuliwa nitaikabili bila kujificha.

Wenu katika kazi ya kulea,

Mwalimu wa somo la maadili